Mtoto ana mitoki ya tumboni, je, umpe ibuprofeni?

Kliniki ya watoto swali hili tunaulizwa sana: mtoto kapigwa ultrasaundi, majibu yanasema tezi za tumboni zimevimba, sasa mzazi anataka kujua kama ibuprofeni inafaa. Inafaa, ila daktari awe kashamwona kwanza, kwa sababu mitoki hii mara nyingi inauma chini ya kitovu upande wa kulia, palepale panapouma kidole tumbo, na maumivu kutulia baada ya dawa hakumaanishi kidole tumbo kiko salama.

Mara nyingi chanzo ni virusi, unakuta siku chache nyuma mtoto alikuwa na mafua, koo au kuharisha. Hapo antibayotiki hazisaidii kitu, uvimbe unaisha wenyewe ndani ya wiki chache, na ibuprofeni ni ya kupunguza maumivu na homa tu ili mtoto anywe, acheze kidogo, alale. Tumbo likitulia, acha dawa.

Dozi inaenda kwa kilo, sio umri wa kukisia: miligramu 5 hadi 10 kwa kila kilo, kila baada ya masaa 6 hadi 8, akiwa amekula kidogo. Mtoto wa kilo 20 asizidi miligramu 200 kwa mara moja. Kama sirapu yako ina miligramu 100 kwenye mililita 5 hiyo ni mililita 10, lakini chupa hazifanani, soma lebo kila ukinunua mpya na upime kwa bomba la dawa, tafadhali sio kijiko cha jikoni.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni mtoto anayetapika au kuharisha, mdomo mkavu, mkojo kidogo na wa njano iliyokolea, halafu anapewa ibuprofeni. Mwili ukikosa maji dawa hii inaweza kuumiza figo. Huyo mpe maji ya chumvichumvi (ORS), mwahishe kwa daktari, na kwa maumivu parasetamoli ni salama zaidi kwa dozi yake. Mwenye vidonda vya tumbo, au pumu iliyowahi kuchokozwa na dawa za aina hii, ibuprofeni hapana. Aspirini usimpe kabisa aliye chini ya miaka 16.

Maumivu yakizidi, tumbo likiwa gumu, akitapika kijani, choo kikiwa na damu au akishindwa kutembea wima, mpeleke hospitali muda huohuo, na umwambie daktari dawa gani umempa, kiasi gani na saa ngapi.