Fedha juu ya dhahabu: kuuona mstari hafifu

Kila aliyewahi kufanya kazi kwenye maabara ya wodi anaujua mstari hafifu wa kipimo cha haraka, kile cha utepe. Dakika zimetimia, mstari wa udhibiti, ule unaoonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi, umekolea, lakini pale pa mstari wa kipimo pana kivuli tu, kama alama ya penseli iliyofutwa. Unasogea nacho dirishani. Unamwita mwenzako: yeye haoni kitu, wewe unaona. Nikiwa mafunzoni tulibishana hivyo juu ya mkojo wa mgonjwa mwenye VVU aliyeshukiwa kuwa na kifua kikuu. Makohozi hakuwa nayo hata ya kupaka kwenye kioo. Mstari ule ndio ulionivuta kwenye kazi hii ya kuikoleza mistari hafifu.

Wekundu ule wa kwenye utepe ni dhahabu. Chemsha maji yenye chumvi ya dhahabu, mimina sitreti (chumvi ya asidi ya ndimu), kisha tazama: umanjano unapotea, unakuja ukijivu wa samawati, halafu chupa nzima inaiva nyekundu kama juisi ya rozela. Michael Faraday aliueleza wekundu huo mwaka 1857 jijini London. Chembe za dhahabu zikiwa ndogo kiasi hicho hufyonza mwanga wa kijani, na kinachotufikia machoni ni nyekundu. Kwenye vipimo vya haraka hutumika sana chembe za nanomita 40 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), zikiwa zimevishwa kingamwili, yaani protini zinazoshika kile kinachotafutwa. Mkojo ukipanda na utepe, antijeni, yaani kile kipande cha kijidudu kinachotafutwa, hubanwa katikati: kingamwili moja iko juu ya dhahabu, nyingine imepakwa kwenye mstari.

Tatizo ni kwamba jicho halioni chembe moja wala mia. Lazima zijazane. Mgonjwa mwenye antijeni chache anaweza kuwa amenaswa kabisa, dhahabu imekaa pale mstarini, nasi tukaandika hasi.

Wengi huuliza kwa nini tusitumie chembe kubwa zaidi. Ni kweli, ukiongeza kipenyo mara mbili ujazo hupanda mara nane, na rangi nayo hukolea. Lakini chembe kubwa hutembea kwa uzito ndani ya utepe, na hutuama upesi kabla ya kufika. Bora ziingie zikiwa ndogo, zikuzwe zikishafika.

Hapo ndipo madini ya fedha yanapoingia. Ukimwaga ayoni za fedha (chembe za fedha zenye chaji, zilizoyeyuka majini) pamoja na kemikali inayozigeuza kuwa metali, fedha huanza kujijenga juu ya dhahabu, kisha fedha juu ya fedha, hadi mstari unakuwa mweusi. Ni kemia ileile ya kusafisha filamu za picha, ndiyo maana haikunishangaza kwamba Fujifilm, kampuni ya filamu ya Japani, ndio waliotengeneza SILVAMP TB LAM, kipimo kinachotafuta kipande cha ukuta wa bakteria wa kifua kikuu ndani ya mkojo. Chembe huvimba kutoka nanomita zipatazo 50 hadi mikromita kadhaa (mikromita moja ni nanomita elfu).

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 kutoka kwa wagonjwa wenye VVU waliolazwa Afrika Kusini yalinigusa sana. Kipimo cha zamani cha mkojo kilinasa wagonjwa 42 kati ya kila 100 wenye kifua kikuu. Hiki kilinasa 70. Hao 28 wa tofauti ni watu wanaoweza kuanza dawa siku hiyohiyo.

Lakini siyo fedha peke yake iliyofanya hivyo, na hapa huwa nawasisitizia vijana. Kingamwili zake nazo zilichaguliwa upya, zinazoshika antijeni kwa nguvu na kwa usahihi zaidi. Fedha haijui kuchagua. Hukuza dhahabu iliyonaswa kwa haki, na hukuza pia ile iliyojibandika kwa bahati mbaya. Katika utafiti uleule, watu wasio na ugonjwa waliopewa jibu sahihi walishuka kutoka 95 hadi 91 kwa mia. Zaidi ya hapo, mkojo una chumvi, na kloridi iliyomo kwenye chumvi hiyo ikikutana na fedha hufanya utando mweupe, kwa hiyo lazima utepe uoshwe kwanza. Jibu linakuja baada ya karibu saa nzima.

Kwa hiyo nikipata mchanganyiko mpya wa fedha, sianzi na sampuli za wagonjwa. Naanza na mkojo wa watu wenye afya, tepe 20 mezani, saa mkononi, nikingoja kuona ni dakika ya ngapi utepe usio na kitu unaanza kuwa mweusi.