Je, wajua kwa nini mashine ya polishi yenye nguvu kubwa ndiyo huacha alama kwenye rangi ya gari?

Gari jeusi likiwa kivulini huweza kuonekana zima kabisa. Litoe juani, tazama pale jua linapojiakisi kwenye boneti, na utaona mikwaruzo myembamba imejipanga kuzunguka mwanga kama utando wa buibui. Ajabu ni kwamba mingi ya mikwaruzo hiyo si ya mviringo hata kidogo. Imeelekea kila upande, na kwa kawaida imeletwa na uoshaji: sponji iliyobeba mchanga, kitambaa kikavu kilichopitishwa juu ya vumbi. Ila mkwaruzo hurudisha mwanga machoni pale tu unapokuwa umekingama na miale. Ile iliyolala sambamba nayo haionekani. Ndiyo maana ukisogeza taa, lile duara huhama nayo.

Kuiondoa mikwaruzo hiyo si kuijaza kitu. Ni kuuteremsha uso wote unaoizunguka mpaka ufike chini ya mkwaruzo. Kinachoteremshwa ni klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi. Kwenye magari mengi ya kisasa, rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima (tabaka la kwanza juu ya bati) hadi juu, ina unene wa mikroni 100 hadi 150 hivi (mikroni 1000 ni milimita moja), na klia peke yake ni kama mikroni 35 hadi 50. Unywele wa mtu kwa kawaida ni mnene kuliko hapo. Klia ndiyo inayoikinga rangi ya chini dhidi ya miale ya jua, na ikipunguzwa kupita kiasi huanza kupauka na kubanduka, hali ambayo hakuna polishi ya kuirudisha nyuma. Kwa hiyo mtu anayechagua mashine anachagua namna ya kutumia akiba ndogo isiyoongezeka.

Sasa njoo kwenye mashine zenyewe. Wanunuzi wengi hutazama wati kwanza: ya wati 1200 lazima iizidi ya wati 500, si ndivyo? Hapa wati hudanganya. Kinachoamua matokeo ni jinsi sponji inavyotembea juu ya rangi.

Mashine ya zamani zaidi ni rotari. Mota inazungusha mhimili, mhimili unazungusha sahani, na sponji iliyoshikwa juu ya sahani inazunguka palepale, mara nyingi kati ya mizunguko 600 na 3000 kwa dakika. Chukua sponji ya milimita 150 ikizunguka mara 1500 kwa dakika. Punje ya polishi, yaani chembe ndogo inayokwangua rangi, ikiwa ukingoni husafiri sentimita 47 kila mzunguko, yaani zaidi ya mita 700 kwa dakika. Punje iliyo katikati kabisa karibu haiendi popote. Ukingo unakata sana, kiini hakikati, na kila punje inapita kwenye tao lilelile, upande uleule, tena na tena. Matokeo yake ni mistari myembamba iliyopangana. Juani mistari hiyo huwa vivuli vinavyotembea juu ya bodi kadiri unavyolizunguka gari, na mafundi huviita hologramu. Mikwaruzo ya kuosha imeondoka, lakini mashine imeandika ya kwake.

Jambo la pili ni joto. Msuguano wote huo unakaa sehemu moja, na mwenye mashine akisita sekunde chache kwenye kona ya mlango au mkunjo wa boneti, klia huungua au huisha. Kwenye kona rangi huwa nyembamba zaidi tangu kiwandani. Bampa ni hatari zaidi, maana plastiki haisambazi joto kama bati. Joto hubaki palepale chini ya sponji.

Kuna wanaofunga sponji kwenye grenda ya kukatia vyuma. Tafadhali usifanye hivyo. Grenda ndogo huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, na nyingi hazina kidhibiti cha kasi. Hiyo si kazi ya polishi tena.

Mashine ya miendo miwili, ile yenye herufi DA kwenye boksi, imejengwa kwa wazo tofauti. Mhimili wake haukukaa katikati, umesogezwa pembeni. Mota ikizunguka, sahani nzima inachora viduara vidogo kwa haraka, na papo hapo sahani inajizungusha yenyewe polepole juu ya beringi iliyo huru. Punje haipiti njia ileile mara mbili mfululizo, na hivyo mistari haipati nafasi ya kujipanga. Joto nalo hutawanyika.

Upana wa kile kiduara ndicho kipimo kinachostahili macho yako kuliko wati. Huandikwa kwa milimita: 8, 12, 15, 21. Mashine ya milimita 8 huipeleka kila punje kama sentimita 2.5 kwa kiduara kimoja. Ya 21 huipeleka sentimita 6.6. Zote zikichora viduara 4000 kwa dakika, ya kwanza ni mita 100 na ya pili ni zaidi ya mita 260. Na kwa sababu sahani nzima huchora kiduara kwa pamoja, punje za katikati nazo husafiri umbali huo, si ukingo peke yake. Hapo ndipo mota ya wati 500 inapofanya kazi ya maana, ingawa karatasi inasema ni dhaifu. Rupes wa Italia walijipatia jina kwa mashine zao za milimita 15 na 21 kwa hesabu hiihii.

Udhaifu wake ni ile beringi huru. Ukikandamiza sana, au sponji ikigusa mahali palipopinda kiasi cha kugusa upande mmoja tu, sahani huacha kujizungusha. Mashine bado inanguruma, mkono bado unatetemeka, lakini kinachobaki ni mtikisiko, na mkwaruzo hauondoki. Anayeanza hudhani kompaundi, yaani polishi kali ya kukata, ni mbovu. Chukua kalamu ya wino mzito, chora mstari mmoja mnene juu ya mgongo wa sahani, upande unaouona ukiwa kazini. Mstari ukizunguka taratibu, unakata. Mstari ukisimama au ukitikisika palepale, punguza shinikizo, laza sponji sawasawa, au ongeza kasi kidogo. Alama hiyo ya kalamu hufundisha mkono haraka kuliko maelezo marefu.

Ipo pia aina ya tatu, ambayo viduara vyake vinaendeshwa pamoja na mzunguko kwa gia. Flex XC 3401 ya Ujerumani ndiyo inayojulikana zaidi: kiduara cha milimita 8, na sahani haisimami hata ukiibana. Inafaa kwenye klia ngumu na kwenye mapaja ya gari yaliyopinda. Gharama yake ni mtetemo zaidi, joto zaidi kuliko ya beringi huru, na tabia ya kuvuta mkono upande mmoja. Wengine huipenda sana. Mimi naona ni mashine ya pili.

Ya kwanza, kwa mtu anayeshughulikia gari lake au anayeanza ufundi, iwe ya beringi huru, kiduara cha milimita 15, sahani ya milimita 125. Ya 21 inavutia kwenye karatasi, na juu ya boneti na paa pana haina mpinzani, lakini magari ya siku hizi yamejaa mikunjo, na sponji kubwa husimama huko kila mara. Kwenye nguzo za madirisha na sehemu nyembamba za bampa hata ya 15 ni kubwa mno. Baadaye utataka ndogo ya sahani ya milimita 75. Si lazima ununue zote siku moja.

Ukiishika dukani, iwashe. Kidhibiti cha kasi kiongeze taratibu, kisirukie kasi ya juu. Sikiliza mtetemo: ndani ya mashine kuna uzani unaosawazisha sahani, na uzani huo umepimwa kwa ukubwa fulani wa sponji, kwa hiyo kufunga sponji nzito kuliko iliyokusudiwa huifanya itetemeke na kuchosha viganja. Uzito wenyewe una maana, kwa sababu milango hufanyiwa kazi mkono ukiwa umenyooka. Ya betri hukuepusha na waya unaoburuzika juu ya rangi uliyomaliza kuisafisha, ila bila betri ya pili utakuwa unasubiri chaji. Na uhakikishe sponji za kipimo hicho zinapatikana kwa urahisi, kwani zinaisha kabla ya mashine.

Rotari haijafa, nisieleweke vibaya. Baada ya kupiga msasa wa maji kwenye rangi mpya, fundi aliyezoea huondoa alama za msasa kwa rotari na sponji ya manyoya ya kondoo upesi kuliko kwa mashine nyingine, kisha humalizia kwa DA ili kufuta hologramu. Neno lenye uzito hapo ni "aliyezoea".

Kabla ya kuwasha chochote, pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha ukinasa, mkwaruzo huo ni wa kina mno. Uache upungue makali yake badala ya kuuchimba mpaka klia iishe. Gari lililowahi kupakwa rangi upya linataka tahadhari zaidi, kwani unene hutofautiana paneli hadi paneli. Kipimo cha unene wa rangi hukuonyesha hilo. Bandika utepe wa karatasi kwenye kona na mikunjo mikali.

Halafu anza na eneo dogo, kama sentimita 40 kwa 40, kwenye boneti. Sponji laini kwanza, polishi isiyo kali, matone machache. Sogeza mashine taratibu kwa mistari inayopishana, kisha pita tena kwa kuikata ile ya kwanza, uzito wa mashine ukifanya sehemu kubwa ya kazi. Futa kwa spiriti iliyochanganywa na maji, kwa sababu mafuta yaliyomo kwenye polishi hufunika mikwaruzo iliyobaki na kukupa ushindi wa uongo, kisha mulika kwa tochi kali kutoka pembeni. Mikwaruzo ikiwa bado ipo, badilisha sponji iwe ngumu kidogo; kama bado haitoshi, badilisha na polishi pia. Kasi iwe ya mwisho kuguswa.