Anaijua Kanuni, Lakini Kidole Kimeshabonyeza

Kuna kipimo rahisi tunachowapa watoto hospitalini, kwenye kompyuta. Picha za wanyama zinapita moja moja, na mtoto anaambiwa abonyeze kitufe kila anapoona mnyama, isipokuwa paka. Mtoto wa miaka saba asiyetulia atakutajia kanuni hiyo bila kukosea. Kisha paka anatokea, kidole kinashuka, na papo hapo anakunja uso. Kosa ameshaliona kabla hujamwambia. Mzazi anayesema "anafanya makusudi" ningependa autazame uso huo.

Ili kuzuia kitendo kilichokwisha kuanza, sehemu za ubongo zilizo mbalimbali lazima ziwasiliane haraka: ile ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayopima na kuamua, na viini vya ndani vinavyoachia au kushikilia miondoko. Zinaunganishwa na mafungu ya nyuzi za neva. Nyingi kati ya nyuzi hizo zimevikwa mielini, utando wenye mafuta mengi, kama waya wa umeme unavyovikwa mpira. Mafuta hayo ndiyo yanayozifanya njia hizi zionekane nyeupe, na wataalamu huziita sehemu nyeupe ya ubongo. Uzi usio na mielini hupitisha ujumbe kwa mwendo wa mita moja hivi kwa sekunde. Ule mnene uliovikwa vizuri unaweza kukaribia mita 100.

Mielini huanza kujengwa mtoto akiwa bado tumboni. Njia za kuona na za miondoko hutangulia, za sehemu ya mbele huja mwisho na huendelea hadi mtu avuke miaka 20. Ndiyo maana kila mtoto hukurupuka kuliko mtu mzima. Kwa watoto wenye ADHD, yaani tatizo la kudumu la kukosa umakini, kutotulia na kukurupuka, tafiti nyingi za MRI (picha za ubongo zinazopigwa kwa mashine ya sumaku) zimeona tofauti katika mafungu hayo. Lakini ni tofauti ndogo, tena za wastani wa kundi zima. Picha ya ubongo wa mtoto mmoja haiwezi kusema kama ana ADHD au hana, kwa hiyo msiuze mbuzi kulipia MRI kwa ajili hiyo tu.

Afadhali nguvu ielekezwe kwenye yale yanayoumiza sehemu nyeupe mapema. Chembe zinazotengeneza mielini ni dhaifu sana kati ya wiki ya 24 na ya 32 ya mimba, hivyo mtoto njiti afuatiliwe hata baada ya kuanza shule, kwa kuwa wengi wao hawana fujo. Wanakaa kimya tu, mawazo yako mbali. Chembe hizohizo zinahitaji madini ya chuma kwa wingi, kwa hiyo upungufu wa damu kwa mtoto mchanga usichukuliwe kama jambo dogo. Na malaria ikipanda kichwani, kupona homa si mwisho wa habari. Utafiti wa Kampala uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kwamba miaka miwili baadaye, takriban mtoto mmoja kati ya wanne walionusurika alikuwa na upungufu wa kiakili, hasa katika umakini.

Fimbo haijengi mielini. Inamwongezea hofu mtoto ambaye kanuni tayari anaijua. Kinachomsaidia ni agizo moja kwa wakati mmoja, fupi, ukiwa karibu naye na umemwita jina. Kiti cha mbele darasani. Kulala mapema, kila siku.

Mleteni hospitali ikiwa hali ya kutotulia au kukosa umakini imedumu zaidi ya miezi sita, inaonekana nyumbani na shuleni pia, na inamkwamisha katika masomo au urafiki. Tutaanza na masikio na macho, maana mtoto asiyesikia vizuri naye huonekana msumbufu. Mkija, njooni na kadi yake ya kliniki tangu kuzaliwa, daftari moja la shule, na maneno machache kutoka kwa mwalimu wake.