Je, wajua? Juu ya nini mutu wa pile ya moyo (kale kamashini ka kusaidia moyo upige) banamuuliza kadi mbele ya kuingia IRM, ile mashini ya sumaku yenye inapiga picha ya ndani ya mwili?

Mama mukubwa wangu aliwekewa pile ya moyo kule India, akarudi Goma muzima kabisa, hata mulima anapanda. Mwaka uliofuata mugongo ukamushika, munganga akasema lazima IRM, tukafunga safari mupaka Kigali, na pale mulangoni kijana wa mashini akauliza swali moja tu: kadi ya pile iko wapi? Kadi ilikuwa Goma, ndani ya sanduku, chini ya vitenge. Tukarudi bule.

Ile siku nilikasirika sana, kisha nikaelewa.

Umeisha ona batoto ba Birere, kule Goma, wakivunja bafle (spika) ya zamani, banatoa sumaku, banaifunga kamba banaikokota mu muchanga mweusi wa volkano? Ule unga wa chuma unashikamana pale kama ndevu. Sasa sumaku ya IRM iko na nguvu ya tesla 1,5, zingine 3, zaidi ya mara 20 000 ya ile nguvu ya dunia yenye inageuza mushale wa busola. Na haizimwake jioni kama taa, hata kama hakuna mugonjwa ndani iko inavuta. Mwaka 2001 kule Marekani ilivuta chupa ya oksijeni ya chuma, ikagonga mutoto wa miaka 6 mwenye alikuwa ndani ya mashini, akakufa.

Pile ya moyo, benyewe banaita pesimeka, ni kasanduku kadogo chini ya ngozi karibu na bega, iko na betri na waya moja ao mbili zenye zinashuka mupaka ndani ya moyo. Unafikiri shida ni kuvutwa tu, kumbe hapana. IRM inatuma mawimbi ya redio, ile waya inayapokea kama anteni, ncha yake inaweza kupata moto palepale inapogusa nyama ya moyo. Tena pile inaweza kudanganyika, inasikia kelele za mashini inafikiri ni moyo unapiga wenyewe, basi inanyamaza, na mutu mwenye moyo wake unategemea ile pile kila dakika, hapo njo hatari.

Ila tusitishane. Tangu 2011 Marekani ilikubali pesimeka ya kwanza yenye ilitengenezwa kwa kuingia IRM, na leo ziko nyingi. Kadi njo inasema yako ni ya aina gani, pamoja na waya zake, juu kasanduku kanaweza kuwa kapya na waya ni ya zamani. Kama iko sawa, mutaalamu anabadilisha mupango wa pile mbele uingie, banachunga moyo wako ku ekrani wakati wote, na ukitoka anairudisha vile ilikuwa. Kwa kawaida banangoja wiki 6 tangu kuwekewa. Na kama walitoa pile wakaacha waya ndani, sema! Hiyo batu banasahau kabisa.

Stenti (kale kabomba kenye kanashikilia mushipa ubaki wazi) na valvu za moyo, nyingi hazina shida, hata zile nyaya za kufungia mufupa wa kifua kisha operesheni. Leta tu karatasi yake.

Kama unabandika dawa ya moyo ku ngozi, zingine ziko na karatasi ya chuma ndani, inaweza kukuunguza, onyesha munganga akuambie uitoe saa ngapi. Vidonge vyako usiache kwa woga. Ukiwa na shida ya figo sema mapema, juu kuna dawa ya rangi banapiga mu mushipa. Na kama huwezi kulala chali juu ya pumzi, usijikaze, sema, juu IRM ya moyo inachukua nusu saa mupaka saa nzima, inagonga kama mutu anapiga mabati, banakupa vya kuziba masikio, na mara kwa mara banakuambia ushike pumzi.

Safari ya pili mama mukubwa alivaa kadi shingoni kama mutoto wa primere. Kijana akaisoma yote, akapiga simu kwa munganga wa moyo, akakubali, kisha akacheka: ile kamba ya kadi mama alikuwa ameifunga na pini ya chuma. Wakaitoa pale mulangoni.