Usisubiri Wino Uishe: Dhana Potofu Kuhusu Kujaza Katriji na Kufufua Printa Iliyotumika

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliniletea katriji mbili, nyeusi na ya rangi, zikiwa zimefungwa vizuri ndani ya bahasha ya kaki. Aliziweka mezani kwa uangalifu, akanieleza kwamba alizitumia hadi karatasi zikaanza kutoka nyeupe, akazichomoa kwenye printa, na akazitunza kabatini tangu mitihani ya muhula uliopita ili aje azijaze zikiwa tupu kabisa. "Sikutaka kukusumbua mapema, fundi, zilikuwa bado na wino kidogo," alisema. Ilinibidi nimwambie kwamba ile ya rangi haitafanya kazi tena, hata ijazwe na nani.

Imani hii ya kusubiri wino uishe nimeisikia mara nyingi mno, na kila mara inamgharimu mtu fedha. Chanzo chake naielewa: mtungi wa gesi hupelekwa kubadilishwa ukiisha, ndoo hupelekwa bombani ikiwa tupu, na mtu asiyejua kilichomo ndani ya katriji huiona nayo kuwa chombo cha kuhifadhia wino tu. Lakini katika printa zinazotumia katriji mbili, kama HP DeskJet na Canon PIXMA za bei nafuu zilizojaa kwenye steshenari zetu, katriji ndiyo inayobeba kichwa cha kuchapia. Kile kibamba kidogo kilicho chini yake kina safu za vitundu vyembamba kuliko unywele, na nyuma ya kila kitundu kuna kipasha joto kidogo sana. Umeme ukipita humo kwa muda mfupi, wino unaokigusa huchemka, povu la mvuke hutokea, na povu hilo hurusha tone kwenye karatasi. Kazi hiyo hurudiwa maelfu ya mara kwa sekunde moja. Wino huo huo ndio unaopoza kipasha joto, kwa sababu kila tone linaloruka huondoka na joto lake na nafasi yake hujazwa na wino mwingine wa baridi. Unapoendelea kuchapa ilhali njano imeisha, vipasha joto vya njano huwaka vikavu, mithili ya sufuria iliyosahauliwa jikoni, na vikishaungua hakuna dawa itakayoviamsha.

Katriji ikinusurika kuungua, bado hukabiliwa na kukauka. Wino uliosalia kwenye vitundu huganda, na kwa joto la Dar es Salaam hauhitaji kusubiri muhula mzima. Wiki chache nje ya printa, bila kifuniko, zinatosha. Ndani yake, sponji iliyokuwa imelowa huingiwa na hewa, kiasi kwamba siku ya kujazwa wino hausambai sawasawa, bali hufuata njia zilizobaki na unyevu na kuacha mapovu katikati. Povu moja likikaa juu ya kichujio kilicho chini ya sponji, katriji iliyojaa huchapa mistari michache kisha huacha, na mteja hurudi akilalamika kwamba nimemwekea wino feki. Katriji nyeusi ya yule mwalimu ilikuwa na tatizo hilo, nami niliiokoa kwa kuilaza juu ya tishu iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu, kisha nikavuta wino taratibu kwa bomba la sindano kupitia upande wa vitundu hadi hewa ikatoka. Kazi iliyopaswa kuchukua dakika kumi ilichukua nusu siku.

Kwa hiyo ninasisitiza: siku maandishi yanapoanza kupauka, au rangi moja inapofifia, acha kuchapa kwenye ukurasa huo huo na ujaze siku hiyo hiyo. Usiseme unamalizia nakala tatu. Wateja wangu wa kudumu nimewazoesha jambo moja ambalo wengine huliona la ajabu, nalo ni kupima uzito. Katriji nyeusi ikishajazwa na kujaribiwa, ipime kwenye mizani ndogo ya kidijitali, ile inayotumiwa na wapishi wa keki, kisha andika uzito huo juu yake kwa kalamu ya maka. Mililita moja ya wino ina uzito unaokaribia gramu moja, hivyo ikiwa uliongeza mililita 6, ilete ikipungua gramu 4. Kwa katriji ya rangi mizani haitoshi, kwa sababu rangi tatu haziishi kwa pamoja: shule inayochapa nembo ya bluu kwenye kila barua huimaliza bluu wakati njano haijaguswa. Hiyo huchunguzwa kwa tishu yenye unyevu kidogo. Ukiibonyeza taratibu upande wa vitundu, inapaswa kuacha michirizi mitatu iliyo kamili na isiyoingiliana, na mchirizi ukitoka mwembamba au wenye pengo, rangi hiyo inahitaji kuongezwa. Kabla ya kuingiza sindano kwenye tundu lolote la juu, chovya kijiti cha meno humo uone ni rangi gani, maana mpangilio hutofautiana kati ya katriji na katriji, na njano iliyoingiwa na rangi nyingine ni vigumu mno kuisafisha. Ukimaliza, usizibe matundu kwa utepe usiopitisha hewa, kwa kuwa wino hauwezi kushuka kama hewa haiingii juu yake.

Wenye printa za matangi, kama Epson za mfululizo wa L, huamini kwamba hayo hayawahusu. Ni kweli kichwa chake hakichemshi wino, kwani hutumia vipande vya piezo vinavyojikunja na kuusukuma nje, lakini tangi likishuka chini ya mstari wa mwisho hewa huingia kwenye mipira inayopeleka wino kichwani, nanyi mtatumia wino mwingi kuitoa.

Dhana potofu nyingine nitazijibu kwa ufupi. "Printa inasema wino umeisha" haina maana kwamba imeangalia ndani: kwa kawaida printa hizi ndogo hukadiria kwa kuhesabu matone yaliyorushwa, na hesabu hiyo hairudi nyuma kwa sababu umejaza. Ili iendelee kuchapa, kwenye Canon nyingi unabonyeza kitufe cha kusimamisha kazi kwa sekunde 5 au zaidi, na kwenye HP nyingi unakubali ujumbe na kuendelea. Tangu hapo macho yako na mizani ndivyo kipimo.

"Wino ni wino" si kweli hata kidogo. Katriji nyeusi nyingi za HP na Canon hutumia wino wa pigmenti, wenye chembechembe zinazobaki juu ya karatasi na kustahimili maji, na za rangi hutumia wino wa daya ulioyeyuka kabisa. Pigmenti ikiingizwa kwenye vitundu vilivyotengenezwa kwa ajili ya daya huviziba, na aina mbili zikichanganyika zinaweza kuganda ndani ya sponji.

Wapo wanaobonyeza kusafisha kichwa mara kumi mfululizo wakidhani wanaitibu printa. Kila usafishaji humwaga wino kwenye sponji ya taka iliyo chini ya mashine, na sponji hiyo ikihesabiwa kuwa imejaa, Canon hutoa kosa la 5B00 na kukataa kazi. Safisha mara mbili, na isipobadilika, iache saa kadhaa kabla ya kujaribu tena. Kufuta hesabu kwa programu bila kubadilisha sponji ni kuahirisha siku ambayo wino utatiririka mezani. Vilevile, printa huzimwa kwa kitufe chake, si kwa kuchomoa waya, ili kichwa kirudi kwenye kifuniko chake. Umeme ukikatika katikati ya kazi, iwashe mara unaporudi ili kijifunike.

Kuhusu printa za mitumba, watu huamini kwamba HP yoyote inakubali katriji yoyote ya HP. DeskJet 2130 hutumia namba 63 ikiuzwa Marekani, 302 Ulaya Magharibi, na 123 huku Afrika, na ukiweka ya eneo jingine huikataa. Ndiyo maana katriji iliyokuja na printa ya mtumba ni ya kulindwa kuliko printa yenyewe. Soma pia kibandiko cha umeme, kwa sababu baadhi ya zilizotoka Marekani ni za volti 120 pekee na zitaungua kwenye 230 zetu. Muuzaji akikuambia "ni nzima, imeisha wino tu," mwombe achape ukurasa wa majaribio mbele yako, na akishindwa, bei ipunguzwe kwa thamani ya katriji mbili mpya.