Kabla ya upasuaji wa kifafa: maneno yako yamekaa upande gani wa ubongo?

Mgonjwa amelala ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo kwa sumaku, kichwa kimebanwa kwa mito midogo kisitikisike. Mbele ya macho yake linatokea neno: kisu. Kimoyomoyo anatafuta vitenzi vinavyoendana nalo: kata, menya, noa. Sekunde thelathini za maneno, thelathini za kukodolea alama ya kujumlisha tu, kisha anarudia. Mashine inagonga kama karakana ya fundi bati.

Wagonjwa wengi wa kifafa hutulia kwa dawa. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 wanaweza kuishi bila degedege wakitibiwa ipasavyo. Hawa wa kwenye mashine ni wale ambao dawa zimeshindwa, na chanzo cha tatizo kiko sehemu moja, mara nyingi ubongo wa pembeni, usawa wa sikio. Sehemu hiyo inaweza kukatwa. Lakini ndiko jirani na maneno. Kwa watu wengi lugha imekaa kushoto, ila kifafa kilichoanza utotoni upande huo kinaweza kuisukuma kulia, yote au nusunusu.

Zamani jibu lilitafutwa kwa kipimo cha Juhn Wada, alichokieleza mwaka 1949: dawa ya usingizi inapitishwa kwenye mshipa wa shingo, nusu ya ubongo inalala kwa dakika chache, mgonjwa anaambiwa aongee. MRI haichomi mtu sindano ya namna hiyo. Inafuatilia damu yenye oksijeni inayokimbilia eneo linalofanya kazi, mbinu iliyotokana na utafiti wa Seiji Ogawa mwaka 1990. Kwa hiyo zile rangi nyekundu kwenye picha ni damu, wala si mawazo, na eneo lililowaka si lazima liwe ndilo linaloshikilia usemi.

Sisi wapimaji tunapima pia uwezo wa kupanga na kushika mambo akilini: bonyeza kitufe ukiona herufi uliyoiona hatua mbili nyuma. Ndugu hulalamika kwamba mgonjwa "anabandika sufuria anasahau". Wakati mwingine mkosaji ni dawa. Topiramate, mojawapo ya dawa za kifafa, inajulikana kwa kumfanya mtu atafute neno asilipate. Ndiyo maana tunauliza dawa kabla ya kusoma picha.

Jambo linalonikera ni majaribio yaliyotungwa kwa Kiingereza kisha yakaletwa kama yalivyo. Mwambie Mswahili ataje maneno yanayoanza na K: kiti, kijiko, kikombe, kitabu, halafu kula, kulala, kukimbia. Ngeli na kiambishi zinamfanyia kazi, alama zinapanda, na sisi hatujajua lolote. Afadhali kumwambia ataje wanyama, au vitu vya sokoni.

Kwa hiyo usishangae ukiulizwa mlangoni, kabla hata hujavua saa na pete, hela zako unazihesabu kwa lugha gani.