Ghorofa refu likija kujengwa uani kwenu: mambo ya kudai mapema

Sensa ya 2012 ilikuta Jiji la Mbeya lina watu 385,279. Ile ya 2022 ikakuta 541,603. Miongoni mwao wamo wapangaji wengi: wanafunzi wa vyuo, wafanyabiashara wa Mwanjelwa na Kabwe, watumishi waliohamishiwa huku. Tukiendelea kujenga nyumba za chini tu, jiji litazidi kutambaa kupita Uyole na Iyunga, likimeza mashamba ya viazi na mahindi, huku maji na barabara vikilifuata kwa kuchelewa.

Ndiyo maana sisi wa mipango miji tunaunga mkono kuongeza maghorofa marefu ya kupangisha kwenye viwanja ambavyo tayari vina majengo ya zamani ya ghorofa mbili au tatu. Umeme na lami vimeshafika. Lakini kuna masharti, na mpangaji wa jengo la zamani anastahili kuyajua kabla mashine ya kuchimba haijaingia uani.

Kwenye mchoro wa mwekezaji, ua huo huonekana kama ardhi isiyo na kazi. Si kweli. Pale ndipo zilipo chemba na shimo la maji taka, kamba za kuanikia nguo, uwanja wa watoto, na njia pekee ya gari la Zimamoto kufika nyuma ya jengo. Mchoro mpya lazima uonyeshe kila kimoja kimehamishiwa wapi. Shimo lililochimbwa kwa kaya nane halitabeba kaya hamsini zaidi.

Halafu kuna jua, jambo ambalo kwa mji wetu wa baridi nalipa uzito kuliko wenzangu wengi. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mwezi Juni jua hupita upande wa kaskazini. Jengo la ghorofa kumi, lenye kimo cha mita 30 hivi, saa 3 asubuhi hutupa kivuli cha mita 60 kuelekea kusini-magharibi. Hata karibu saa 7 mchana, jua likiwa juu kabisa, kivuli bado kina mita 19 kwenda kusini. Desemba mchana kivuli hugeukia kaskazini na hakizidi mita 8. Maana yake ni kwamba ghorofa likisimama kaskazini au mashariki mwa jengo la zamani, litawanyima wakazi jua la asubuhi miezi ileile ambayo nguo hazikauki na wazee hutoka nje kuota jua. Jengo hilohilo likihamishiwa upande wa kusini wa kiwanja, jua hilo linabaki. Dai mchoro wa vivuli wa tarehe 21 Juni, wa asubuhi, mchana na jioni. Mbunifu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuutoa.

La hatari zaidi ni uchimbaji wa msingi. Tarehe 29 Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo lingine likaporomoka Kariakoo. Sisi tunaishi kwenye Bonde la Ufa, jirani na volkano za Rungwe na Ngozi; ardhi yetu hutikisika, na udongo hubadilika kutoka kiwanja hadi kiwanja. Ukichimba shimo refu kando ya msingi wa zamani, unaondoa udongo uliokuwa unaushikilia. Kwa hiyo udongo upimwe kwa kutoboa chini, na kuta za kuzuia udongo zijengwe kadiri shimo linavyoshuka, zisisubiri nyufa.

Wakazi nao wana kazi yao. Kabla ujenzi haujaanza, pigeni picha za kila ufa uliopo. Kwenye ncha za ufa wekeni alama ya penseli na tarehe, kisha pakeni ukanda mwembamba wa plasta ya ukutani kukatisha ufa. Ufa ukipita alama, au plasta ikikatika, ukuta unatembea. Mwiteni mhandisi siku hiyohiyo.

Toronto, Kanada, ambako majengo ya kupangisha ya miaka ya 1950 hadi 1970 yaliachiwa nafasi pana kati yake, minara mipya inaongezwa kandokando. Huko, anayetaka kubomoa jengo lenye nyumba sita au zaidi za kupangisha hutakiwa na jiji kujenga nyingine za kupangisha badala yake. Hapa kwetu, Magomeni Kota ya Dar es Salaam ilichukua miaka mingi, lakini mwaka 2022 yalizinduliwa palepale makazi mapya ya kaya 644 zilizokuwa zimeondolewa.

Kwa mpangaji wa kawaida, kinga kubwa ni mkataba, kwa kuwa sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Mwombe mwenye nyumba aandike humo kodi itakuwa kiasi gani wakati wa ujenzi, nani atalipia uharibifu, na maji yatatoka wapi bomba likikatwa. Madai ya pamoja yaandikwe kwenye barua moja yenye sahihi za kaya zote, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa idara ya mipango miji ya halmashauri. Ifike kabla kibali cha ujenzi hakijatolewa. Wakati huo kuhamisha jengo mita kumi ni kazi ya kuchora upya tu. Nguzo zikishamwagwa zege, hakuna atakayezisogeza.